Kupunga Upepo: Pumziko na Shukrani Ufukweni

Kupunga upepo ni kutoka nyumbani au kazini kwa muda mfupi, bila shughuli maalumu, ili mwili upate hewa na moyo upate utulivu. Katika mwambao wa Afrika Mashariki tendo hili limezoeana na bahari kiasi kwamba mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akiambiwa fulani amekwenda kupunga upepo, haulizi ni upande gani. Kwa mkazi wa Mwenge, wilayani Kinondoni, mara nyingi ni jioni moja ya Jumapili Coco Beach au Kawe, siku nzima katika kisiwa cha Mbudya, au, mwenye uwezo, kulala usiku mmoja Bagamoyo. Safari ni fupi, nauli yake imebanwa kutoka matumizi ya wiki, na kesho yake kazi iko palepale ilipoachwa. Swali ambalo dini na falsafa zimelijadili kwa karne nyingi ni kama muda mfupi namna hiyo unastahili kuitwa pumziko. Linaambatana na lingine: kwa nini wengi hurudi kutoka huko wakisema "tumshukuru Mungu", ilhali kodi ya nyumba haijalipwa na hakuna shida yao hata moja iliyotatuliwa?

Maneno yenyewe

Lugha imeshajibu sehemu ya swali hilo. Pumzika ni neno la ukoo mmoja na pumua na pumzi. Anayepumzika, kwa asili ya neno, ni aliyerudishiwa pumzi yake. Maneno yaliyotoka Kiarabu yamepita njia hiyohiyo. Raha na starehe yana mzizi mmoja, na mzizi huo ndio uliozaa neno roho na, katika Kiarabu, neno la upepo. Nafsi na nafasi nayo ni ndugu: nafasi ilianza kama pumzi, kisha ikawa uwazi, fursa na wakati wa kufanya jambo. Anayesema "sina nafasi" anakiri bila kujua kwamba hana pa kupumulia. Kiebrania cha Torati hakiko mbali. Katika sura ya 31 ya Kutoka, pale Mungu anapoelezwa kuwa alistarehe siku ya saba, kitenzi kilichotumika kina mzizi wa pumzi na nafsi, jamaa wa mzizi wa Kiarabu ulioipa Kiswahili nafsi na nafasi.

Kitenzi kupunga nacho kina kazi mbili. Mtu hupunga upepo, na mganga hupunga pepo, yaani humtoa mgonjwa pepo aliyempanda. Upepo wa baharini, pepo wa kichwani na Peponi wanakotarajia kufika waumini ni maneno yenye sura moja, na mwambao umeishi nayo yote matatu pamoja. Katika soko la vinyago la Mwenge yako mafundi wanaochonga mpingo kwa mtindo uitwao shetani: viumbe vya jicho moja, viungo vimejipinda, mdomo umekwenda upande. Kinyago cha namna hiyo hukipa umbo kitu ambacho mtu hukihisi bila kukiona. Anayekwenda ufukweni naye hafuati hewa peke yake. Kuna kitu anachotaka kimtoke, hata kama hakijui jina.

Kutokana na hapo starehe na pumziko vinaweza kutenganishwa. Starehe hununuliwa, na anayeitafuta huipata kwa kuongeza: muziki zaidi, chakula zaidi, vinywaji zaidi. Pumziko hupatikana kwa kupunguza. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda ufukweni akistarehe kuanzia asubuhi, akarudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka, fedha zimekwisha na sauti imekauka.

Mji wa kazi

Pumziko lina uzito wake Tanzania kwa sababu taifa lenyewe lilijengwa kwa kuhimizana kufanya kazi. Kaulimbiu ya miaka ya mwanzo ya uhuru ilikuwa Uhuru na Kazi. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka juhudi na maarifa, na lililalamikia nguvu za wanaume vijijini na za wanawake mijini zilizokuwa zikipotea katika porojo, ngoma na ulevi. Mwaka 2015 kampeni ya urais ya John Magufuli ilikuja na Hapa Kazi Tu. Methali ya mgeni wa siku mbili, ambaye siku ya tatu hupewa jembe, ilipata heshima ya kisiasa kwa sababu Julius Nyerere aliitumia kueleza Ujamaa. Katika mazingira hayo anayeketi tu huonekana mvivu au mgonjwa, na pumziko hulazimika kujitetea.

Sheria hulitetea kwa kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa mwajiriwa mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Haki hizo zinamtaka mtu awe na mwajiri. Mchonga vinyago anayelipwa kinyago kikiuzwa, mama lishe, mwenye bajaji na kijana anayepanga nguo za mtumba kando ya barabara hawana wa kumwombea ruhusa. Aliyejiajiri hana wa kumpa likizo. Kila saa anayopumzika anaijua bei yake, na bei hiyo anailipa mwenyewe.

Hali hiyo inaonekana vizuri katika karakana za vinyago. Mpingo ni mti mgumu mno. Tezo hulirarua gogo kidogokidogo, patasi hufuata, kisha huja msasa. Vumbi la msasa ni laini kama unga na hukaa kwenye kope, kwenye mikunjo ya shingo na kifuani. Fundi akiambiwa apumzike husimama dakika mbili, akakung'uta shati, akanywa maji, akaketi tena. Kwa mtu wa namna hiyo maana ya asili ya pumziko, yaani kurudishiwa pumzi, ni jambo la mapafu kabla halijawa la roho.

Falsafa ya Ugiriki ya kale ililiona suala hili kwa mpangilio mwingine. Aristotle alifundisha kwamba watu hushughulika ili wapate faragha, na kwamba faragha ndiyo wakati wa kufikiri na kuwa binadamu kamili. Neno la Kigiriki la faragha hiyo, skole, lilipita Kilatini na Kijerumani likatua Kiswahili kama shule. Mpangilio wa Aristotle ulikuwa na dosari moja kubwa: faragha ya raia wachache wa Athens ilitegemea kazi ya watumwa. Dosari hiyo haijakwisha, na dini zilizofika Afrika Mashariki ziliigusa moja kwa moja.

Siku, saa na dakika

Biblia inatoa sababu mbili za Sabato. Katika Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita na siku ya saba akapumzika, hivyo binadamu afanye vivyo hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni ukombozi: Waisraeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na kwa hiyo mtumwa wao, mjakazi wao, hata ng'ombe na punda, wapumzike kama wao. Sababu ya kwanza inalifanya pumziko kuwa tendo la kumwiga Mungu. Ya pili inalifanya kuwa tendo la haki, kwa kuwa mtumwa ndiye mtu asiyeweza kuamua kusimama.

Qurani haikubali kwamba Mungu alihitaji kupumzika. Surat Qaf, aya ya 38, inaeleza kwamba mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita na uchovu haukumgusa Muumba. Pumziko, kwa mtazamo huo, ni haja ya kiumbe na ni rehema aliyopewa: Surat an-Nabaa inautaja usingizi kama mapumziko, usiku kama vazi na mchana kama wakati wa kutafuta riziki. Uislamu haukuweka siku nzima ya kuacha kazi. Surat al-Jumua inawataka waumini waache biashara unapoadhiniwa wito wa sala ya Ijumaa, kisha sala ikiisha watawanyike kutafuta fadhila za Mungu huku wakimkumbuka. Sala tano za kila siku hufanya jambo hilohilo kwa vipande vidogo zaidi. Mwuza duka wa Mwenge anayeweka kiti mlangoni kwa dakika kumi na kwenda msikitini ameikata siku yake kwa makusudi, na biashara imekubali kumsubiri.

Majina ya siku yanaonyesha jinsi mapokeo haya yalivyokutana. Juma la Kiswahili huhesabiwa kutoka Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano, kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo maana yake ni ya tano. Wasabato huitunza Jumamosi kama siku ya saba katika lugha inayoiita ya kwanza, na Wakristo wengine husali siku iitwayo ya pili. Watu wa dini hizo wote hukutana Coco Beach, kila mmoja na hesabu yake, hasa Iddi, Krismasi na Pasaka, ambapo pa kukanyaga hupatikana kwa shida.

Ufupi wa pumziko una mfano wake katika Injili. Katika sura ya 6 ya Marko, mitume wanarudi kutoka safari ya kuhubiri wakiwa wamezongwa na watu hadi hawana nafasi ya kula. Yesu anawaambia waende faraghani wapumzike kidogo, nao wanapanda chombo. Watu wanawaona, wanakimbia kwa miguu kandokando ya ziwa na kufika kabla yao. Mapumziko yote ya mitume yalikuwa ule muda wa kuvuka maji. Waliposhuka kulikuwa na umati, na siku ile iliishia kwa kuwalisha watu elfu tano. Andiko halisemi kwamba safari iliharibika. Linasema Yesu aliwahurumia watu wale, na moyo wa kuhurumia ni vigumu kuwa nao mtu asiyepata hata pumzi moja.

Mapokeo ya Kiislamu yana kisa cha Salman al-Farisi kumtembelea rafiki yake Abu Dardaa, aliyekuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha hadi mkewe akakata tamaa naye. Salman alimlazimisha ale, akamlaza, na alfajiri ilipokaribia ndipo wakasali pamoja. Alimweleza kwamba Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake na watu wa nyumbani wana haki yao. Mtume alipoulizwa alisema Salman amesema kweli. Katika kisa hiki kulala ni kulipa deni, na anayekataa kupumzika kwa kisingizio cha ibada anamdhulumu mtu, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Bahari na utii wake

Bahari haina utulivu wa asili. Katika Ufunuo 21, mwandishi anapoona mbingu mpya na nchi mpya, anasema bahari haipo tena. Kwa watu wa milima ya Uyahudi ilikuwa alama ya vurugu na hatari. Kwa mvuvi wa Msasani au Kunduchi bahari ni kazi, na wakati mwingine ni kaburi la jamaa. Surat an-Nahl inaitaja kwa sura ya tatu: imetiishwa ili watu wapate nyama laini, mapambo na njia ya vyombo, na aya inamalizia kwa kusema hayo yote ni ili wapate kushukuru. Shukrani inayotajwa hapo ni ya mtu anayeitumia bahari. Anayeitazama tu kutoka mchangani ni mgeni katika aya hiyo.

Mwambao pia una desturi yake ya kale ya kuoga mwaka. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe za Mwaka Kogwa hufanyika kila Julai: wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, na jina lenyewe lina maana ya kukoga. Mwaka uliochoka huachwa, magomvi huishia palepale, watu huanza upya. Kwenda majini ili kutua mzigo kuna asili ndefu pwani kuliko hoteli za kitalii, na kuna asili ndefu pia kuliko mtindo wa madaktari wa Uingereza wa karne ya 18 waliowaandikia wagonjwa kuoga maji ya chumvi, mtindo uliokuza miji kama Brighton.

Bagamoyo, kilomita zipatazo 60 kutoka Mwenge kwa barabara inayobeba jina lake, hulionyesha jambo hili kwa uchungu. Jina hilo hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni bwaga moyo. Kwa wapagazi wa misafara ya karne ya 19 waliotoka Unyamwezi na mbele zaidi na mizigo mabegani, lilimaanisha kufika: mzigo umetuliwa, bahari inaonekana, ujira unasubiri. Kwa watumwa waliofikishwa pwani hiyohiyo, maelezo mengine ya jina husema walibwaga moyo kwa maana ya kukata tamaa, kwa sababu mbele yao kulikuwa na jahazi tu. Ufukwe ulikuwa mmoja na upepo ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni nani alikuwa huru kuondoka.

Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca alimwandikia rafiki yake kwamba safari haimponyi mtu mwenye mzigo moyoni, kwa kuwa kila anakokwenda anajichukua mwenyewe. Onyo hilo linamfaa anayefika Coco Beach akaendelea kujibu ujumbe wa wateja, au anayetumia nusu ya jioni kutafuta picha itakayowaumiza roho majirani. Hata hivyo bahari ina kitu kimoja ambacho mahali pengine hakipo: haimtii mtu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa pwani ya Dar es Salaam hupita mita 3. Familia iliyojipanga kuogelea saa kumi jioni inaweza kukuta maji yamekwenda mbali, watoto wakabaki kukimbiza kaa kwenye mchanga wa matope. Upepo nao una zamu zake, kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi. Mtu aliyeishi wiki nzima akiamini kwamba asipoamka saa kumi alfajiri kila kitu kitasimama, anaona kitu kikubwa kikienda bila msaada wake. Anaachia. Hapo ndipo pumziko linapoanza, na ndipo linapogusana na dini, kwa sababu kukubali kwamba ulimwengu unakwenda bila wewe ni hatua ya kwanza ya kumcha Mungu.

Dafu moja

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake kiitwacho Ihyaa kwamba shukrani ina sehemu tatu: elimu, hali na tendo. Elimu ni kuijua neema na kumjua aliyeitoa. Hali ni furaha ya moyo inayotokana na kujua huko. Tendo ni kuitumia neema kwa namna inayomridhisha mtoaji. Mpango huu unaweza kujaribiwa kwa kitu cha kawaida kabisa ufukweni, nacho ni dafu.

Muuzaji hulishika dafu kwa mkono wa kushoto, akalichonga kichwa kwa panga, mapigo matatu au manne, hadi uweupe utokee na tobo lifunguke. Mnunuzi hunywa amesimama, maji yakimtiririka kidevuni. Akimaliza hulirudisha, muuzaji hulipasua katikati na kukata kipande chembamba cha kumbi la dafu hilohilo kiwe kijiko cha kukwangulia nyama. Shughuli yote haichukui dakika tano. Nyuma yake kuna tunda lililokaa mnazini miezi sita au saba, na mnazi mrefu wa mwambao ambao huhitaji miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, pengine uliopandwa na mtu ambaye sasa ni marehemu. Kuna mkwezi aliyeupanda. Kuna aliyelisukuma kwa mkokoteni au baiskeli juani. Mwisho yuko muuzaji mwenyewe, ambaye Jumapili ya wengine ndiyo siku yake ya kazi kubwa kuliko zote.

Anayeyajua hayo ana elimu aliyoitaja Ghazali, na furaha yake ina macho. Asiyeyajua ana utamu wa mdomo tu, na utamu wa mdomo huisha na dafu. Tendo ndilo kipimo: kumlipa muuzaji bila kumbembeleza ashushe hadi hasara, kumwita kwa heshima, na kutoacha kifuu kimezagaa mchangani mahali mtoto wa mwingine atakapokanyaga. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za plastiki bado huenda na maji kila jioni ya sikukuu. Kwa hesabu ya Ghazali, anayesema alhamdulillahi huku akitupa chupa baharini ametoa theluthi mbili tu ya shukrani.

Kuna shukrani nyingine inayofanana na hii na ni ya daraja la chini: ile ya kujilinganisha. Mtu hutazama mwombaji langoni mwa ufukwe akasema afadhali yeye. Furaha ya namna hiyo hutegemea kuwepo kwa aliye chini, na siku akitokea aliye juu hugeuka kijicho. Mapokeo makubwa ya dini huielekeza shukrani kwenye kilichotolewa, bila kukipima kwa pengo la jirani.

Shukrani na haki

Pingamizi zito dhidi ya mafundisho haya ni kwamba shukrani huweza kutumiwa kuwanyamazisha watu. Masikini akiambiwa ashukuru kwa jioni moja ya upepo, huenda asiulize kwa nini hana likizo. Pingamizi hili lina historia nyuma yake. Oysterbay, ambako Coco Beach iko, ilikuwa sehemu ya makazi ya Wazungu enzi za ukoloni, katika mji uliogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Upepo mzuri wa bahari ulikuwa mojawapo ya vitu vilivyogawanywa. Kwamba leo mtoto wa Mwenge anaweza kukimbia kwenye mchanga ule bila kuulizwa ni nani ni matokeo ya mabadiliko ya kisiasa, na kinachopatikana kwa siasa chaweza kupotea kwa siasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ukuta wa kwanza unaovuka mpaka huo huwa ni wa mtu mwenye nguvu.

Jibu la dini liko katika sababu ile ya pili ya Sabato. Kumbukumbu la Torati haikumwambia mtumwa ashukuru kwa hali yake. Ilimwambia bwana kwamba mtumwa lazima apumzike naye, siku hiyohiyo. Shukrani kwa kilichotolewa na Mungu na madai dhidi ya kilichozuiwa na watu havipingani, kwa sababu mtu hawezi kudai kwa moyo wote kitu ambacho hajajua thamani yake. Aliyewahi kushukuru kwa dhati kwa jioni ya ufukweni ndiye atakayesimama ufukwe huo unapotaka kuzungushiwa ukuta.

Mtihani wa karibu zaidi ni dada wa kazi. Katika familia nyingi zinazotoka mjini kupunga upepo yumo msichana anayeletwa kubeba mtoto, kushika mfuko wa nguo kavu na kulinda viatu. Ameuona ufukwe, kiti chake kiko kivulini, lakini siku yake haijabadilika ila mandhari. Familia ikiwa inasema Mungu amewapumzisha, huku mmoja wao hajaruhusiwa kulowesha miguu, Torati inawahukumu kwa jina la yule mjakazi.

Wapo wasioamini Mungu, nao pia huona moyo umejaa mbele ya maji jioni jua linapozama nyuma ya mji. Baadhi ya wanafalsafa wanauliza kama hisia hiyo ni shukrani, kwa kuwa shukrani humtaka anayeshukuriwa. Jambo hilo linabaki na mjadala, ila nusu ya jibu ipo kwa kila mtu: hata asiyemwona mtoaji wa bahari anamwona mkata dafu, mkaanga mihogo, nahodha wa boti ya Mbudya na dereva wa daladala. Hawa wana majina na nyuso.

Kurudi

Safari fupi ina alasiri moja na foleni mbili. Kurudi Mwenge jioni ya Jumapili ni kusimama kwenye daladala lililojaa, mchanga ukiwa bado umeganda miguuni, mtoto amelala begani na nguo zake mbichi zikilowesha mgongo wa mtu. Wapo wanaoona kwamba safari ya namna hii imefuta mapumziko yote. Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyatumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kueleza wakati kuwa kitu kinachotengenezwa na matukio. Wageni waliowaona Waafrika wameketi na kusema wanapoteza muda, aliandika, hawakuelewa kwamba walioketi walikuwa wakiusubiri wakati au wakiutengeneza. Maelezo yake kuhusu wakati ujao yamepingwa na wengi, lakini hoja hiyo ya walioketi imebaki na nguvu. Saa mbili za kukaa mchangani bila kufanya lolote ni wakati uliotengenezwa. Huingia katika zamani ya familia na hukaa humo. Watoto huikumbuka siku ya kaa na mihogo yenye pilipili kuliko wiki nzima iliyoizunguka.

Kwa hiyo urefu si kipimo. Sabato ni siku moja, sala ya Ijumaa haifiki saa moja, na mitume walipata muda wa kuvuka ziwa tu. Pumziko la ufukweni hupimwa Jumatatu asubuhi. Fundi mkuu wa karakana akimwona kijana wake amechoka akamwambia aweke tezo chini apumue kidogo, mwenye nyumba akimpa dada wa kazi siku yake mwenyewe, dereva akimsubiri mzee apande kabla ya kuondoa gari, upepo uliopungwa Jumapili haukupotea. Aliyepata nafasi akashindwa kumpa mwenzake nafasi hakupumzika. Alikwenda kuiangalia bahari, akarudi.